Nililiweka Mtandaoni Daftari la Mama Yangu

Nina umri wa miaka thelathini na saba. Nimezaliwa Mungaa, wilaya ya Ikungi, na sasa naishi Utemini, hapa Singida mjini, ambako nina duka dogo la steshenari. Natoa kopi, naskani vyeti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Ndugu msomaji, haya ninayokwenda kusimulia yamenitokea mimi mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja tu... usinitukane kabla hujafika mwisho. Ukifika mwisho, nitukane unavyotaka, nimeshazoea.

Watu wakisikia neno usaliti wanafikiria mume na kimada. Mimi sijaachwa na mtu wala sijanyang'anywa mtu. Mimi ndiye niliyesaliti! Na niliyemsaliti ni mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni.

Mama alikuwa mkunga wa kijiji. Serikali ilipoagiza kila mjamzito akajifungulie zahanati, alitii siku ileile bila kinyongo. Lakini kabla ya hapo, karibu kila mtu wa rika langu pale kijijini alipokelewa na mikono yake. Waislamu kwa Wakristo, wa tembe za udongo na wa nyumba za bati, wote aliwapokea yeye.

Mama hakujua kusoma. Nilipofika darasa la tatu na mwandiko wangu ukaanza kusomeka, alininunulia kaunta buku lenye jalada gumu jekundu, akanifanya karani wake. Akirudi kutoka kuzalisha ananawa mikono, anakunywa uji, ananiita. "Paskalina, lete daftari." Naandika anavyosema: mtoto wa kiume, mama yake fulani, amezaliwa jua linachomoza, wiki ya kuvuna uwele. Mtoto wa kike, mama yake fulani, siku ile ng'ombe wa mzee fulani walipopotea. Tarehe nilikuwa naangalia mwenyewe kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia ukutani. Waliozaliwa kabla ya daftari, rika langu wakiwemo, alinitajia kwa kumbukumbu, na tarehe zao tulizipata kwa kuhesabu misimu na sikukuu.

Huo ulikuwa upande wa mbele. Daftari lile lilikuwa na upande wa nyuma pia, kama wanafunzi wanavyoligeuza daftari na kuanza kuandika kutoka mwisho. Upande huo ndio ulioniua.

Wazee wetu waliamini kwamba mwanamke akishikwa na uchungu mgumu, mtoto akagoma kutoka, basi kuna jambo amelificha moyoni. Lazima amtaje baba halisi wa mtoto ndipo njia ifunguke. Sitaki kubishana na wataalamu hapa. Ninachojua ni kwamba wanawake walitaja... Hebu fikiria, uko kwenye maumivu ya kufa, mkunga amekushika magoti anakuambia sema mwanangu, sema upone. Utaficha nini wakati huo?

Na waliyoyataja, mama alinipa niandike. Nyuma ya daftari. Jina la mwanamke, jina la mtoto, jina la mwanaume. Basi.

Mtoto wa shule ya msingi kuandika mambo ya namna ile! Najua unashangaa. Lakini mama hakuwa na mwingine wa kumsaidia, na hakuwa anafanya hivyo kwa umbeya. Alikuwa anazuia watoto wa baba mmoja wasije wakaoana bila kujua. Nakumbuka mara mbili posa zilivunjika pale kijijini na hakuna aliyejua kwa nini. Mama alikwenda tu kwa mama wa binti, wakanywa chai, wakaongea kuhusu mtama, na alipoondoka shughuli ikawa imekwisha. Hakuna aliyeaibika wala ndoa iliyoguswa.

Alinishika kichwa kwa mikono miwili siku ya kwanza, akaniambia kwa Kinyaturu kwamba yale hayasemwi, hata kwa baba, hata kwa padri. Nilikubali. Na kwa miaka yote hiyo, naapa, mdomo wangu haukuwahi kusema hata jina moja.

Sasa sikia ujinga wangu.

Duka langu lilipochangamka nikawa mtu wa kompyuta kweli kweli. Nikajifunza kwa video kutengeneza wiki yangu mwenyewe. Kwa asiyejua, wiki ni kama daftari kubwa la mtandaoni lenye kurasa nyingi zinazoshikana. Ukibonyeza jina la mtu kwenye ukurasa mmoja, linakupeleka kwenye ukurasa wake, na huko ukibonyeza jina la mama yake unakwenda kwa mama yake. Nilianza na mapishi, nikaja kwenye ukoo wetu, nikanogewa. Nilikuwa nafanya kazi hiyo mchana wateja wakipungua, najiona msomi.

Siku moja nilikwenda Mungaa nikakuta mchwa wameingia kwenye sanduku la mama. Walikuwa wameanza kula pembe ya lile kaunta buku. Moyo ulinipasuka! Kazi yote ile, utoto wangu wote, unaliwa na mchwa! Nikamwomba mama anipe daftari nikalipige picha mjini, hata likiliwa lote lisipotee.

Mama akakubali. Lakini aliniangalia machoni akasema, "Piga huku mbele. Nyuma usifungue."

Nilimwambia sawa mama.

Sawa mama! Nilifika dukani nikaanza kuskani ukurasa mmoja mmoja, nikafika katikati, nikaona wale mchwa walianzia nyuma. Nikajiuliza, nikiliacha si ndilo litakalokwenda kwanza? Je, damu moja ikija kuoana, nani atajua? Nikajipa sababu nzuri, nikageuza daftari, nikaskani lote. Nikasema litakuwa kwangu tu. Nani atafika huko mwisho?

Lile faili nililihifadhi lote kwa pamoja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha kwenye wiki yangu kila mtu nikamtengenezea ukurasa wake, na ndani yake nikapachika lile faili, likawa linaonekana palepale kama dirisha, limefunguka mahali penye jina lake. Wiki yenyewe niliifunga kwa nywila ndefu ambayo hata mimi nilikuwa nakosea kuiandika. Nikajiona nimefunga nyumba kwa kufuli la maana.

Tatizo likaja dogo tu. Nikifungua kwa simu nyingine, kwenye lile dirisha palikuwa panatokea kisanduku cha kijivu kinachosema huna ruhusa ya kuona faili hili. Nilihangaika siku mbili. Nikagundua kwamba kule kwenye hifadhi ruhusa ya faili imewekwa kuwa mimi pekee. Nikabonyeza, nikabadilisha, nikachagua yeyote mwenye kiungo, yaani linki. Kisanduku kikaondoka, mwandiko wangu wa utoto ukatokea, mzuri, umelala vizuri kwenye mstari. Nilipiga makofi peke yangu dukani!

Nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli na kuacha dirisha wazi. Lakini ningejuaje? Nilifurahi tu.

Hapa anaingia Mwajuma. Huyu alikuwa rafiki yangu wa damu. Tumesoma naye Mungaa, na hapa Utemini anauza vitenge mlango wa pili kutoka kwangu. Nikiugua yeye ndiye anayenifungulia duka. Mwajuma ameolewa na Jumanne, mtoto wa mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa na wake wawili. Jumanne ni wa bi mkubwa. Bi mdogo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Hamisi, na yule mama kijiji kizima kinamwita Mama Hamisi. Mzee wao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kulikuwa na mvutano juu ya shamba la alizeti ambalo Hamisi amejenga na analima.

Na Mama Hamisi, msomaji wangu, alikuwa rafiki mkubwa wa mama yangu. Idi wanatuletea pilau, Krismasi tunawapelekea kuku mzima wakamchinje wenyewe. Mimi namwita mama mdogo tangu najifunza kuongea.

Mwajuma alikuja dukani analalamika kwamba anataka cheti cha kuzaliwa na hajui tarehe yake. Na mimi kwa sifa zangu nikamwambia subiri, ninayo! Nikamruhusu aone ukurasa mmoja tu, wa kwake, nikamtumia kwenye simu. Akaona jina lake, jina la mama yake, na tarehe kwa mwandiko wangu. Alilia kwa furaha. Akanikumbatia mbele ya wateja akasema mimi ni zaidi ya dada. Na mimi nikajisikia mtu mkubwa... Kumbe ndiyo nilikuwa namkabidhi kisu.

Kwenye pembe ya lile dirisha kuna alama ndogo. Ukiigusa, faili linafunguka lote. Mwajuma aliigusa. Akaanza kuperuzi, akasoma mbele, akafika katikati, akafika nyuma.

Siku nne baadaye, asubuhi nikiwa nafagia dukani, dada yangu wa Mungaa akanipigia simu analia, haeleweki anachosema. Nikasikia tu neno daftari. Nikakaa chini palepale na fagio mkononi.

Picha ilikuwa imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa marehemu mzee. Ukurasa wa nyuma. Jina la Mama Hamisi, jina la Hamisi, na jina la mwanaume mwingine ambaye sitamtaja hapa wala popote. Mpaka saa nne kijiji kizima kilikuwa nayo. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Mungaa nzima inaujua mwandiko wangu! Mimi ndiye niliyekuwa naandika barua za watu na majina kwenye misalaba ya makaburi.

Nilipanda gari mchana uleule. Nilimkuta mama amekaa nje kwenye kigoda, wala hajawasha moto. Hakuwa na simu, ila watu walikuwa wameshamwonyesha. Kabla sijaweka mkoba chini, Mama Hamisi akatokea njiani. Alikuja peke yake, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, kanga imemwanguka mabegani na hana habari nayo. Nikampigia magoti nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Alinipita kama nguzo.

Akasimama mbele ya mama yangu. Nilidhani atatukana, atapiga. Aliongea taratibu.

"Nilikuambia wewe," akasema. "Nilikuwa nakufa, nikakuambia wewe peke yako."

Mama akajaribu kuinuka, akashindwa. Akasema hajui imekuwaje, hajui, Mungu ni shahidi. Na alikuwa anasema kweli! Hakujua! Mimi ndiye niliyekuwa najua, na nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye vumbi na mdomo wangu nimeufumba. Mama Hamisi aligeuka akaenda zake. Ndipo mama akanitazama.

Nilimweleza yote. Unamwelezaje mtandao mwanamke ambaye hajawahi kushika kalamu? Nilisema nililiweka mahali pazuri, mahali pasipo na mchwa. Akauliza ni wapi hapo. Nikasema ni kama hewani, mama. Akaniuliza, "Na nani analinda huko?"

Ukoo ulikaa kikao wiki ileile. Sikuwepo, niliambiwa. Watoto wa bi mkubwa walisema Hamisi si damu yao na shamba alirudishe. Wengine walijaribu kumtetea, wakasema marehemu alimlea, alimsomesha, alimwita mwanangu mpaka anakata roho, karatasi gani tena? Hawakusikilizwa. Hamisi hakubishana. Alipakia godoro, sufuria, mke na watoto watatu, akahamia Shelui, ambako anapakua mizigo kwenye malori. Mtu aliyelima alizeti ekari kwa ekari! Aliondoka bila kumuaga mama yake, na hilo ndilo lililommaliza Mama Hamisi.

Nilimfuata Mwajuma. Nilitaka kumrarua, sikufichi. Nilimkuta anakunja vitenge, ametulia. Akaniambia yeye hakuiba kitu. Akasema, "Umenitumia mwenyewe, kwa mkono wako. Ungetaka iwe siri ungeiweka siri." Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa. Lakini nikiwa katikati ya kelele nilijua kwamba nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ilinichoma kuliko yote. Vitenge vyake anauza mpaka leo, na tunapitana mlangoni kama watu wasiojuana.

Faili nililifuta siku ileile picha ilipotoka. Na ile wiki yangu ya mtandaoni nikaifuta yote, kurasa zangu zote nilizozipenda. Ilisaidia nini? Picha ilikuwa kwenye simu za watu mpaka Dar es Salaam. Na baadaye wakatokea wengine waliosema wanazo kurasa zaidi... Wanawake wa Mungaa, watu wazima, wajukuu wamewajaa, wakaanza kuishi kwa hofu, kila simu ikilia moyo unaruka. Mmoja aliacha kwenda sala za jumuiya. Mwingine alihamia kwa binti yake Manyoni. Wote hawa waliwahi kumwamini mama yangu kwa uhai wao!

Mama hakunipiga wala hakunilaani. Ningeshukuru kama angenilaani. Aliomba daftari lake. Nilipomletea, alilichana jikoni, ukurasa mmoja mmoja, akaziingiza chini ya sufuria ya maharage huku anakoroga. Nikasimama mlangoni namtazama. Alidhani anamaliza jambo.

Kisha akaanza kwenda kwa Mama Hamisi. Kila Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, anajifunga kanga anakwenda, anakaa nje ya nyumba yake, hasemi kitu, anarudi. Wiki ya kwanza hakupewa hata maji. Ya pili, ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Nilimsihi aache, anadhalilika. Akanijibu kwamba mimi sijui deni la maneno. Dada yangu alinipa habari kwamba Ijumaa ya tano Mama Hamisi alitoka na kikombe cha maji, akakaa naye chini.

Mimi hakuniacha, mama. Nikienda ananipikia, ananiuliza habari za duka. Lakini aliacha kuniambia mambo. Zamani nikifika tu ananivuta jikoni, fulani anaumwa, fulani amegombana na mumewe, kifua kinaniuma siku hizi. Sasa ni mvua na kuku. Nikimuuliza anaendeleaje, nzuri. Kumbe presha ilikuwa imepanda miezi mingi, na dada alijua, na jirani alijua! Mimi niliambiwa siku alipoanguka.

Tulimleta hospitali hapa Singida. Alilazwa siku sita, na mimi sikutoka pale. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilimgeuza. Siku ya tano mchana Mama Hamisi aliingia wodini. Alikuwa ametoka Mungaa na mtungi wa maziwa mgando ameufunga kwenye kitambaa. Safari hii niliposema shikamoo aliitikia, marahaba, kwa sauti ndogo. Nililia mlemle wodini. Nilidhani Mungu ameanza kunisamehe.

Mama alifumbua macho akamwona. Akaushika mkono wake. Midomo yake ikaanza kucheza, nikajua anataka kusema jambo, jambo zito, nilimjua mama yangu alivyokuwa anakusanya maneno kabla ya kuyatoa. Nikasogea, nikainama, nikaweka sikio karibu kama nilivyozoea.

Akageuza uso akanitazama. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Paskalina," akasema, "toka nje kidogo, mwanangu."

Nikatoka.

Nilisimama kwenye korido karibu na ndoo za maji. Kupitia kioo cha mlango niliona kichwa cha Mama Hamisi kimeinama, anaitikia, anaitikia. Walikaa muda mrefu. Nilipoitwa kuingia, mama alikuwa amefumba macho. Hakusema tena neno la kueleweka, na kesho yake asubuhi alituacha.

Baada ya mazishi nilimfuata Mama Hamisi nyuma ya nyumba, alikokuwa anaosha sahani pamoja na wanawake wengine. Nilipiga magoti, nikamuomba aniambie mama alisema nini. Je, alinisamehe? Aliacha maagizo? Alinilalamikia? Nilimwambia hata kama ni baya, nataka kulisikia. Yule mama alifuta mikono, akaniinua, akanipangusa machozi kwa kanga yake, mimi niliyemvunjia nyumba!

"Aliniambia mimi," akasema. Akarudi kuosha sahani.

Msomaji mwenzangu, hasa wewe kijana uliyesoma, unayejua kuhifadhi na kupachika na kutuma. Yapo mambo ambayo mtu mzima amekuambia kwa sababu amekuamini wewe, na hakuiamini kompyuta yako. Usiyapige picha. Usiyahifadhi mahali ambapo huwezi kusimama mlangoni. Kama ni lazima uhifadhi nyaraka, kagua kila ruhusa, soma kila neno kabla hujabonyeza, na ukiambiwa usifungue upande fulani, usifungue! Usijipe sababu nzuri kama nilivyojipa. Nakuomba kwa machozi, usipite njia niliyopita.

Nilikuwa karani wa mama yangu tangu darasa la tatu. Maneno yake yote niliyaandika, na la mwisho nilitolewa nje lisemwe.